Askofu Mkuu Janani Luwum na Dunia Iliyochelewa



Kila tarehe 16 Februari Kanisa la Uganda humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1977 akiwa mikononi mwa serikali ya Idi Amin. Katika usharika wetu wamo waliokuwa watoto wadogo Bukoba, Kampala au Kisumu wakati huo, na wanakumbuka wazazi wao wakiinamia redio jioni. Watoto wetu waliozaliwa huku Marekani hawalijui jina lake. Tulipowauliza vijana wa kipaimara, wawili walikuwa wamemsikia Amin kwa sababu ya filamu. Luwum hakuna aliyemjua. Ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 kijijini Mucwini, wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa mmoja wa Wakristo wa mwanzo katika sehemu zile. Nyumbani hapakuwa na fedha, na mtoto Janani alichunga mifugo hadi alipofika umri wa miaka kama kumi, ndipo akaanza shule. Alisoma Gulu, akaenda Chuo cha Ualimu Boroboro, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1947 alimwoa Mary Lawinyo, na Mungu akawajalia watoto.

Januari 1948 akaokoka. Tunatumia neno hilo kama wanavyolitumia wazee wetu, kwa maana wengi wao waliguswa na moto uleule. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka ukafika Bukoba, Kenya, Burundi na Kongo, na kila mahali Walokole walijulikana kwa jambo moja lililowachosha hata wachungaji wao: walisema dhambi zao hadharani. Mtu alisimama mbele ya watu akataja alichoiba, akataja aliyemchukia, kisha akaenda kurudisha na kuomba msamaha. Sisi tunaona jambo hilo ni la maana sana katika maisha ya Luwum. Mtu aliyezoea kusema ukweli unaomwaibisha yeye mwenyewe mbele ya jirani zake ni vigumu baadaye kumfundisha kunyamaza mbele ya mkubwa.

Aliacha ualimu wa shule akaingia Chuo cha Theolojia cha Buwalasi, akabarikiwa kuwa kasisi katika miaka ya 1950. Kanisa lilimpeleka Uingereza mara mbili kusoma, na aliporudi alikuwa mkuu wa chuo kilekile cha Buwalasi, kisha katibu wa jimbo zima. Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu mjini Gulu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini. Katika wageni wa siku ile walikuwepo Rais Milton Obote na mkuu wake wa majeshi, Idi Amin.

Miaka miwili baadaye, tarehe ileile ya 25 Januari, mwaka 1971, Amin alimpindua Obote.

Wengi Kampala walishangilia. Nje ya nchi pia walikuwepo waliofurahi, na Uingereza iliitambua serikali mpya upesi, siku chache tu baada ya mapinduzi. Mwalimu Nyerere alikataa kuitambua, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam, na kwa hilo alionekana na viongozi wenzake wengi kama mtu mwenye chuki binafsi. Lakini katika dayosisi ya Luwum furaha ilikwisha mapema kuliko kokote. Ndani ya mwaka uleule askari wa Kiacholi na wa Kilango walianza kuuawa makambini mwao kwa mamia. Wajane walikwenda kwa askofu wao. Hapakuwa na ofisi nyingine ya kwenda.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na hilo dunia ililiona, kwa sababu watu walishuka kwenye ndege London wakiwa na masanduku yao na kamera zikawapiga picha. Septemba mwaka huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka jengo la Mahakama Kuu, asirudi tena. Hilo halikupigwa picha. Tunawaomba vijana walishike jambo hili, maana litarudi tena na tena: kinachoonekana nje hupata kelele, na kinachofanyika gizani husubiri mtu wa kukisema.

Mwaka 1974 Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, akimrithi Askofu Mkuu Erica Sabiti. Ndugu zetu kutoka Bujumbura na kutoka mashariki ya Kongo, basi, wajue kwamba alikuwa askofu mkuu wa wazazi wao pia. Mwaka huohuo Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, yenye makao Geneva, ilipeleka Umoja wa Mataifa taarifa ya mauaji na upotevu wa watu Uganda. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hawakujua. Karatasi zilikuwepo mezani miaka mitatu kabla Luwum hajafa.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengine hulipita haraka, nasi tunapenda kulikalia kidogo. Luwum hakuanza kwa kumpinga Amin hadharani. Alihudhuria hafla za serikali, alikaa meza moja na wakubwa, na walikuwepo Wakristo waliomnung'unikia kwamba amekuwa rafiki wa mwuaji. Jibu lake lilikuwa kwamba akifunga mlango ule, nani atawaombea waliofungwa? Na kweli alikwenda yeye mwenyewe katika ofisi za usalama wa taifa, mahali ambapo watu wa kawaida walipita upande wa pili wa barabara, kuulizia fulani aliyechukuliwa Jumanne, fulani aliyechukuliwa usiku wa juzi. Wako waliotoka kwa sababu aliuliza. Sisi hatumlaumu hata kidogo. Ni rahisi mtu aliye mbali, mwenye pasipoti ya nchi nyingine mfukoni, kumwambia aliye ndani jinsi ya kuwa shujaa.

Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulifanya mkutano wake wa wakuu wa nchi Kampala, na kwa zamu Amin akawa mwenyekiti wa Afrika nzima. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria. Serikali ya Nyerere ilieleza wazi sababu yake: Afrika ilikuwa ikiwashutumu makaburu na wakoloni kila siku, lakini mwuaji akiwa Mwafrika mwenzao wanasema hayo ni mambo ya ndani. Wengine wengi walikwenda, wakala, wakacheza.

Mwaka 1976 mambo yalizidi. Julai makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa. Mateka mmoja, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 aitwaye Dora Bloch, alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago. Watu wa Amin walimtoa wodini kwa nguvu wakamwua. Usharika huu una wauguzi wengi, na sisi wa kazi hii tunajua maana ya mgonjwa kuchukuliwa kitandani mbele ya waliopewa dhamana ya kumtunza. Wauguzi wa Mulago walirudi kazini kesho yake, kwa kuwa wodi ilikuwa na wagonjwa wengine. Uingereza, ambayo Bi Bloch alikuwa raia wake pia, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda mwezi huohuo. Zingatieni: kwa miaka mitano waliuawa raia maelfu wa Uganda na balozi zikabaki wazi.

Ni katika mwaka huo Luwum alipowaita viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu wakae pamoja wazungumzie usalama wa watu. Lilikuwa jambo zito, kwa sababu Amin alitawala kwa kuwatenganisha, Mwislamu amwogope Mkristo, Mganda amwogope Mwacholi. Amin alikasirika sana aliposikia wamekutana bila ruhusa yake.

Tufike Februari 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 5, yapata saa saba na nusu, askari walivunja uzio wa nyumba ya Askofu Mkuu Namirembe wakimtafutia silaha. Walipekua kila chumba, hata mahali watoto walipolala, na mtutu wa bunduki ukamgusa tumboni. Hawakupata kitu. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi nayo ilipekuliwa. Siku tatu baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walikutana, wakaandika barua kwa Rais, yenye tarehe 10 Februari, na kila aliyekuwepo akatia sahihi yake.

Barua hiyo ndiyo moyo wa habari hii. Haikuwa na matusi wala siasa za chama. Ilieleza upekuzi ule ulivyofanyika, kisha ikauliza swali pana zaidi: ikiwa nyumba ya Askofu Mkuu inavamiwa hivi, mkulima na mwuza duka wamo katika hali gani? Ilitaja watu waliotoweka na wajane na yatima walioachwa. Ilisema kwamba bunduki iliyonunuliwa ili imlinde mwananchi imekuwa ya kumwinda. Nakala zilifika kwa mawaziri. Kwa miaka sita kila mtu Uganda aliyajua mambo hayo, na wote waliyasema kwa kunong'ona. Sasa yalikuwa kwenye karatasi yenye tarehe na majina.

Tarehe 14 Amin alimwita Luwum Ikulu ya Entebbe. Tarehe 16 viongozi wa dini, mabalozi na maelfu ya askari waliitwa kwenye viwanja vya Nile Mansions, Kampala. Silaha zilikuwa zimepangwa chini, na watu waliokwisha kupigwa wakasomewa maelezo yanayomtaja Askofu Mkuu kwamba alishirikiana na Obote kuziingiza nchini. Luwum alitikisa kichwa kukanusha. Askari walipoulizwa hao wafanywe nini, walipiga kelele wauawe. Baadaye maaskofu wakaambiwa waende nyumbani, isipokuwa Askofu Mkuu: Rais anataka kuzungumza naye. Mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, nao walizuiliwa. Wenzake walimngoja nje hadi walipofukuzwa.

Asubuhi iliyofuata redio ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, walipojaribu kumnyang'anya dereva usukani ili watoroke.

Sisi tunaofanya kazi katika chumba cha dharura tunaijua ajali ya gari. Tunajua mifupa inavyovunjika, kioo kinavyokata, mkanda unavyoacha alama kifuani. Waziri wa Afya wa Amin mwenyewe, Henry Kyemba, alipokimbilia nje miezi michache baadaye, alieleza kwamba miili ililetwa chumba cha maiti cha Mulago ikiwa na matundu ya risasi, na kwamba Askofu Mkuu alikuwa amepigwa mdomoni na kifuani. Serikali haikumpa mjane mwili wa mumewe. Askari waliupeleka Mucwini ndani ya jeneza lililofungwa, ukazikwa kwenye kiwanja cha kanisa. Ndugu zake walifungua jeneza kabla ya kuzika, wakaona wenyewe.

Huko Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Ibada ya maziko ilipigwa marufuku. Jumapili ya tarehe 20 watu walikuja kanisani kama kawaida ya Jumapili, ila walikuja kwa maelfu. Baada ya ibada hawakuondoka. Walilizunguka kaburi lile tupu, mzee Erica Sabiti akiwa pamoja nao, wakaimba nyimbo za mashahidi wa Uganda na za Pasaka. Askari walikuwa karibu wakitazama.

Hapo ndipo dunia ilipoamka, na tuseme wazi kwamba iliamka nusu.

Rais Jimmy Carter alikuwa ameapishwa mwezi mmoja tu uliopita, akiwa ameahidi kuziweka haki za binadamu mbele. Alimlaani Amin katika mkutano na waandishi wa habari tarehe 23 Februari. Amin akajibu kwa kuwaamuru Wamarekani wote waliokuwa Uganda, zaidi ya 200 na wengi wao wamisionari, wasitoke nchini mpaka wakutane naye. Kwa siku kadhaa ilionekana watakuwa mateka, kisha akalegeza. Geneva, Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa kikaoni wiki zilezile. Uganda yenyewe ilikuwa na kiti katika tume hiyo. Kikao kilikwisha bila azimio la wazi la kumlaani Amin. OAU nayo ilinyamaza.

Penye kusogea palikuwa kwingine. Juni 1977 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana London. Amin aliambiwa asije, na kwa siku kadhaa magazeti yalikuwa yakikisia kama atatokea angani ghafla. Hakutokea, na tamko la mwisho la mkutano liliulaani ukatili wa serikali yake. Viongozi wa Afrika walikuwepo na jina la mwenzao likatajwa, jambo ambalo halikuwa kawaida kabisa siku zile. Mwezi huohuo nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka msimamo kwamba misaada yao kwa Uganda isitumike kuendeleza kuwanyima watu haki. Mwaka huohuo pia shirika la Amnesty International, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa watu wa kawaida kuandika barua kwa serikali wakimtaja mfungwa kwa jina, lilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini maneno hayamlishi askari, wala hayamnyimi chakula. Kilichomlisha askari wa Amin kilikuwa kahawa.

Zaidi ya tisa ya kumi ya fedha za kigeni za Uganda zilitokana na kahawa. Baridi kali ya mwaka 1975 ilikuwa imeua mibuni Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na mwaka aliouawa Luwum ndio bei ilifika juu kuliko wakati wowote uliopita. Mkulima wa Uganda hakuiona fedha hiyo. Bodi ya serikali ilinunua kwake kwa bei ndogo, ndiyo maana magunia yalivushwa usiku kwa magendo kwenda Kenya, na wenzetu wa Bungoma watawasimulia habari za soko la Chepkube na watu waliotajirika ndani ya miezi michache. Kahawa iliyobaki mikononi mwa serikali iliuzwa kwa dola, na dola zikanunua vitu vya kuwaridhisha wanajeshi. Ndege ziliruka kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikiwa zimebeba wiski, sigara, redio na nguo kwa ajili ya jeshi la Amin. Nchi iliyovunja ubalozi wake iliacha uwanja wake wa ndege utumike hivyo kwa miaka mingine miwili na zaidi. Hatujui neno la upole la kulieleza jambo hilo.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kahawa hiyo alikuwa nchi hii tunamoishi. Takriban theluthi moja ya kahawa ya Uganda iliishia kwenye vikombe vya Wamarekani. Mbunge mmoja wa Ohio, Donald Pease, aliuliza swali lililo wazi: tunamlaani mtu asubuhi, mbona tunamlipa mchana? Mwaka 1978 kamati za Bunge zilisikiliza ushahidi, na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni wakaeleza yaliyowapata. Serikali ya Carter, iliyosema maneno makali mwaka uliotangulia, haikutaka vikwazo vya biashara. Wapo waliosema kwamba mkulima maskini ndiye atakayeumia, hoja ambayo si ya kupuuzwa, na ambayo sisi wenye wazazi wanaoishi kwa shamba la kahawa Kilimanjaro, Bukoba au Kivu tunaielewa kuliko wanasiasa. Ila wenyeji wa Uganda waliojua kahawa ile ilimnufaisha nani walijibu kwamba mkulima amekwisha kunyang'anywa tayari. Oktoba 1978 sheria ya kuzuia kahawa ya Uganda isiingie Marekani ilipitishwa na kutiwa sahihi.

Mwishoni mwa mwezi huohuo jeshi la Amin lilivuka mpaka na kuliteka eneo la Kagera. Yaliyofuata watoto wa Tanzania wanayajua kwa nyimbo na kwa makaburi ya Kaboya. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni. Wanaosoma historia wanabishana hadi leo kama kuzuiwa kwa kahawa kulimdhoofisha Amin au kulikuja amekwisha kudhoofika. Sisi tunaona kulikuja kumechelewa sana, na bado kulikuwa bora kuliko barua za masikitiko. Vita ndiyo iliyomwondoa, na Tanzania ndiyo iliyolipa gharama, karibu peke yake. Rais Godfrey Binaisa alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1979 kwa niaba ya Uganda mpya, aliwalaumu wajumbe usoni kwa miaka yote ile waliyotazama pembeni. Makadirio ya waliouawa chini ya Amin hufika watu 300,000.

Tunataka kusema neno kuhusu waliokimbia, kwa kuwa sisi wenyewe ni wahamiaji. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye wazee wa Dodoma wanamkumbuka kama mwalimu wa shule ya Alliance kabla hajawa mhubiri wa mataifa, aliambiwa siku chache baada ya kifo cha Luwum kwamba jina linalofuata ni lake. Yeye na mkewe Mera walitembea usiku milimani wakavuka hadi Rwanda. Mary Luwum alikimbilia Kenya na watoto wake. Kyemba alibaki nje alipokwenda mkutano wa afya Geneva, akaandika kitabu. Bila watu hawa hadithi ya ajali ya gari ingebaki kwenye magazeti. Wabunge na mawaziri wa nchi za nje walikuwa na taarifa tangu mwaka 1974, lakini hazikuwasukuma mpaka akasimama mbele yao mtu aliyemfahamu marehemu. Na Kivengere aliwashangaza wengi alipokuwa akieleza mauaji hayo bila kuficha kitu, huku akisema kwamba amemsamehe Amin. Hata kitabu chake alikipa jina la kumpenda Amin. Wako waliochukizwa. Sisi tunaona kwamba yote mawili yalitoka kwenye mafundisho yaleyale ya Walokole: sema kilichotendeka, chote, halafu samehe. Kusamehe kabla ya kusema ni kumsaidia mwuaji kuzika.

Tunajua pia kwa nini wengi wetu hatusemi. Mtu ana mama nyumbani, ana kaka mwenye kazi serikalini, ana kiwanja kinachosubiri hati. Hata kwenye kundi la WhatsApp la usharika tunapima maneno, na anayetuma habari za nyumbani huzifuta kabla hazijasomwa. Hatuandiki haya kumhukumu yeyote. Nakala za ile barua ya maaskofu ziliandikwa na watu waliokuwa na mama zao Uganda, na wake, na watoto waliolala chumba cha pili askari walipoingia. Walijua kuliko sisi kinachoweza kutokea. Mtoto wa kipaimara alituuliza kama Luwum angeishi angenyamaza kidogo. Tulimjibu kwamba pengine angeishi.

Kivengere alirudi Kigezi mwaka 1979 akahudumu huko hadi alipofariki mwaka 1988. Amin alikwenda Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah Agosti 2003 bila kusimamishwa mahakamani hata siku moja. Mwaka 1998 sanamu ya Luwum iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne ya 20. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na maelfu huenda Mucwini kwa miguu na kwa mabasi. Yeye bado amelala huko, kwenye kiwanja cha kanisa la kijijini kwake.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, tutamwombea na kuwaombea wote waliotoweka ambao ndugu zao hawakupata mwili wa kuzika. Mwenye jina la ndugu yake aliandike kwenye karatasi na kumpa mzee wa kanisa yeyote kabla ya ibada. Si lazima kutaja nchi. Wazee waliokuwa Uganda, Kagera au mpakani Kenya miaka ile wanaombwa wabaki dakika 30 na vijana wa kipaimara, ambao wana maswali mengi kuliko tuliyoweza kuyajibu hapa.